Bei ya Kila Jiwe

Gaudensia anapima ardhi. Tunakaa naye nyumba moja hapa Nyakato, Musoma, yeye ana vyumba viwili vya mbele, sisi wengine tuko vya nyuma, na bomba la maji ni moja, kwa hiyo mambo yake mengi tunayajua hata kama hajasema. Asubuhi akitoka na ile miguu mitatu ya mashine ya kupimia begani, watoto wanamfuata wanaimba, "Mama kamera, tupige picha!" Zamani alikuwaga anawajibu. Siku hizi anapita tu.

Kabla ya kujitegemea alikuwa ameajiriwa kwa bwana mmoja anaitwa Nathan, ana ofisi ya upimaji pale mjini Musoma. Miaka mingi. Gaudensia anaenda porini, anachomwa na jua, anachanwa na miiba, anarudi na vipimo, halafu Nathan anaweka sahihi. Na bei anapanga Nathan. Hiyo hakuwahi kuiwaza kabisa, kama ambavyo wewe huwazi nani alipanga bei ya chumvi.

"Nathan anaangaliaga viatu," alituambia siku moja. "Mteja akiingia, kwanza viatu, ndipo anataja bei. Mimi nilikuwa hata sijui mashamba niliyokuwa napima yamelipiwa kiasi gani."

Mwaka jana akapata leseni yake mwenyewe, akaaga. Nathan hakugomba. Alimkodishia mashine kwa siku, maana Gaudensia ya kwake hana, akamwambia, "Kupima unajua kuliko mimi. Ngoja sasa ukae na mtu umtajie bei. Utarudi tu."

Gaudensia ana mapacha, Kulwa na Dotto, wanasoma bweni kule Bunda. Ada mbili zinakuja siku moja kama zimeambiana. Akajipa muda mpaka masika. Kama mvua zinaanza na bado hajapata bei ya kuwalisha watu watatu, anarudi kwa Nathan, anaomba kazi. Alisema hivyo wazi, kwenye foleni ya maji, wala hakuona aibu. Alikuwa anasema kama mtu anayetaja siku ya kliniki.

Kazi ya kwanza ilikuwa Bunda, kwa mzee mmoja anaitwa Kwangu, mkulima wa pamba, na ana ng'ombe wa kutosha. Usiku wa kuamkia safari Gaudensia alipiga hesabu, mashine, nauli, saruji, kuzungushwa ofisi ya ardhi, akapata namba. Akaona huyu ni mzee, ya nini kumsumbua. Namtajia ya mwisho moja kwa moja, tusipotezeane muda.

Kufika, wakakaa, wakasalimiana vizuri, habari za mvua, habari za watoto, maziwa yakaletwa. Ndipo akataja. Akasema, "Na hiyo ndiyo ya mwisho, mzee wangu. Sijaweka cha juu hata kidogo."

Kwangu akacheka. "Ya mwisho? Binti, si hata hatujaanza!"

Akakata nusu. Gaudensia akasema hapana, ni ileile. Kwangu akapanda kidogo. Ileile. Akapanda tena, na akasogeza kiti karibu, maana ndiyo alikuwa anaanza kunogewa. Ileile. Mzee akageuka, akaangalia ng'ombe zake.

"Mimi naendaga mnadani miaka yote," akasema. "Nimekaa na watu wabaya kule. Hata mwizi wa ng'ombe anapunguza."

Akamsindikiza mpaka barabarani, akampa na maziwa kwenye kidumu, na hakupiga simu tena. Baadaye tukasikia alimchukua mpima kutoka Mwanza. Huyo alianza kwa bei ya kutisha, wakabishana mpaka saa saba mchana, wakapatana kwa hela kubwa kuliko ile ya Gaudensia. Na wote wawili walishikana mikono wanacheka.

Basi akajifunza, au alidhani amejifunza. Kazi ya pili ikaja kutoka Buhemba, kwenye wilaya ya Butiama, kule kwa wachimba dhahabu. Jamaa anaitwa Mniko, shimo lake la dhahabu, duara wanaliita, lilikuwa limetema, anataka kupimiwa eneo ajenge gesti. Kwenye gari Gaudensia alikuwa anajiambia, panda juu, panda juu, atashusha mwenyewe. Alipofika, akamkuta Mniko amekaa na wenzake wanne kwenye kibaraza, wamekula wameshiba, wote wanamwangalia. Mdomo ukamsaliti. Akamkumbuka mzee Kwangu alivyogeuka kuangalia ng'ombe, akataja bei ndogo, ndogo kuliko hata ile ya Bunda.

Mniko akawageukia wenzake. "Mmesikia?" Halafu akamgeukia yeye. "Sista, hiyo bei ni ya kupima au ya kuangalia tu?"

"Ya kupima, kaka. Mpaka ramani."

"Mimi hii ardhi nataka nikachukulie mkopo. Benki wakiniuliza kapima nani, niseme nani? Nimempata gulioni kwenye mitumba?"

Wakacheka wote, na cha ajabu hawakucheka kwa ubaya. Mmoja akampa soda. Alirudi Nyakato bila kazi, na hiyo soda hajaifungua, akaigawia watoto wa mama wa chumba cha nne, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, akakaa hivyo mpaka maji yakapoa. Nathan alimpigia siku hiyo kuulizia mashine. Hakumuuliza kazi imeendaje. Gaudensia anasema angeuliza, angerudi kesho yake.

Sasa, ukipimiwa shamba, kila kona inazikwa jiwe. Watu wanaita jiwe lakini ni kinguzo cha zege kina nondo katikati. Hayo mawe Gaudensia anayafyatulia hapa hapa nyuma ya nyumba, kwenye makopo ya rangi. Siku moja alikuwa anayamwagia maji, yamepangwa ukutani, mtoto mmoja akawa anayahesabu kwa sauti, anakosea, anarudia. Ndipo wazo likamwingia. Kila mtu anajua kuhesabu. Jiwe moja, bei moja. Kona nne, mawe manne, zidisha. Hakuna kuangalia viatu, hakuna kuangalia nani anacheka.

Ikafanya kazi! Hapa Nyakato viwanja vingi ni vya kona nne, watu wakaipenda. Mama mmoja muuza vitenge alisema hiyo ndiyo bei ya kwanza ya mtu wa ofisini ambayo ameielewa bila kumwita mwanae. Vikaja viwanja viwili, vitatu, cha nne kikachelewa lakini kikaja. Gaudensia akatuma ada nusu. Akawa anarudi amechoka vilevile, ila kuchoka kwa mtu anayejua amechokea nini.

Ndipo ikapigwa simu kutoka Bukima.

Aliyepiga ni mzee mmoja anaitwa Pastory. Shamba ni la marehemu baba yao, linaanzia barabarani linashuka mpaka karibu na ziwa, na wanagawana watatu. Yeye Pastory ndiye mkubwa. Mdogo wao wa mwisho ni Fredy. Katikati yao kuna Marcelina, mjane wa ndugu yao Chrispin. Ugomvi hamna, alisema. Kila mtu kipande chake anakijua, baba aliwaonyesha akiwa hai, na uzio wa minyaa upo tangu zamani. Wanataka mawe tu, ili watoto wao wasije kushikana mashati.

"Kona ni ngapi, baba?" Gaudensia akauliza.

"Mh, nyingi. Uzio unapinda pinda. Marehemu alikuwa anakwepa majabali. Kama ishirini na kitu."

"Basi kila jiwe ni elfu hamsini. Zege nakuja nalo mimi."

Pastory akasikika anahesabu. "Kwa hiyo kona zikipungua na hela inapungua?"

"Ndiyo, baba. Hivyo hivyo."

"Hapo umeongea kitu cha maana. Hapo tumeelewana."

Gaudensia akakata simu anatabasamu. Akatuambia amepata mteja mwelewa.

Wiki iliyofuata akapakia mawe kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, mashine akaipakata mwenyewe kama mtoto mgonjwa, wakaenda yeye na dereva. Walipofika Bukima jua lilikuwa limeshachoma. Akapokewa na Fredy, jicho moja limevimba limefunga kabisa.

"Jicho limefanyaje tena?"

"Minyaa, dada. Yale maziwa yake ukiikata. Yaliruka."

"Ukiikata? Kwa nini uikate?"

"Njoo uone mwenyewe. Tumekurahisishia kazi."

Uzio wote ulikuwa chini. Umekatwa na kurundikwa mafungu mafungu, visiki bado vinatoa utomvu mweupe. Na mahali pa uzio zimevutwa kamba za nyavu, zimenyooka kabisa, kutoka barabarani mpaka kule chini. Mzee Pastory alikuwa amesimama pembeni ya kamba kama mtu aliyejenga daraja.

"Karibu mama mpima. Unaona? Kona zimebaki nane. Nane tu! Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada, tukanyoosha."

"Wote mmekubali?"

"Wote. Mwenyekiti wa kitongoji huyo hapo ni shahidi."

Mwenyekiti alikuwa amekaa kivulini anakula muhogo wa kuchemsha. Akainua mkono wenye muhogo.

"Shikamoo. Na mama amekubali?" Gaudensia akamgeukia Marcelina, mama wa makamo, mwembamba, kitenge amekifunga kifuani tayari kwa kazi.

"Nimekubali, mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea, tuanze tu kabla jua halijazidi."

Basi wakaanza. Watu wamekubaliana, mwenyekiti yupo, majirani wapo, mpima anataka nini zaidi? Jiwe la kwanza likazikwa barabarani, la pili likafuata. Wakaanza kushuka. Mita sitini kutoka majini zinahesabika ni za ziwa, hazipimwi, kwa hiyo mawe ya chini yanaishia juu kidogo ya hapo. Fredy jicho linamsumbua, Pastory mgongo, jiwe la tatu akalibeba Marcelina kichwani, na kata yake, akatangulia.

Gaudensia alipofika na mashine akamkuta amesimama katikati ya nyanya. Bustani nzuri, matuta yamepangwa, miche imefungwa kwenye vijiti, na udongo wake mweusi kuliko sehemu nyingine zote za lile shamba. Kamba ilikuwa imepita juu ya matuta hivi, kama mtu aliyekata mkate. Marcelina akashusha jiwe, akashika jembe.

"Nichimbe hapa hapa kwenye kamba," akauliza, "au nisogee kidogo nisikate huu mche? Umeanza kuzaa."

Gaudensia anasema ni swali lililoulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa. Kama unavyomuuliza mtu chai ataweka sukari ngapi.

"Mama, hii bustani ni ya nani?"

"Yangu. Ilikuwa yangu. Sasa inaingia kwa Fredy."

"Uzio ulikuwa unapita wapi?"

Marcelina akaonyesha kwa jembe. Visiki vilikuwa vinazunguka bustani yote, vinaingia, vinatoka, vinakwepa jabali, vinarudi tena. Baba mkwe ndiye aliyezungusha hivyo, alimpa Chrispin sehemu ya majimaji kwa sababu sehemu yake ya kule juu ilikuwa changarawe tupu. Mzunguko huo peke yake ulikuwa unakula nusu ya kona za shamba zima.

"Sasa wewe umepata nini?"

"Nimeongezewa kule juu."

"Kwenye changarawe."

"Ndiyo."

"Kwa nini ukakubali, mama?"

"Kona zangu ndiyo nyingi," Marcelina akasema. "Kila mtu alipie kona zake, ndivyo alivyosema mpima. Ningetoa wapi hela yote hiyo? Hela yangu mimi ndiyo hizi nyanya. Nichimbe hapa?"

Ndivyo alivyosema mpima. Gaudensia hakusema kila mtu alipie zake. Angeweza kubisha. Lakini alitaja bei ya jiwe, na bei ya jiwe ukiipeleka kwenye kikao cha ndugu watatu, watagawana vipi? Watahesabu nani ana mengi. Hata yeye angehesabu hivyo hivyo.

Akakaa chini, kwenye tuta. Alituambia hapo ndipo alipochoka kuliko siku zote, kuliko Bunda, kuliko Buhemba. Alikuwa anajua kabisa kwamba akiendelea anamaliza saa saba, anarudisha mashine kwa Nathan leo leo, na laki nne mfukoni, na hakuna mtu atakayemlaumu popote. Mwenye bustani mwenyewe ameshika jembe. Akisimamisha, mashine inalala siku ya pili, na siku ya pili ni hela yake.

Akazima mashine, akaita, "Baba Pastory! Fredy! Mwenyekiti, njooni huku chini."

Wakaja polepole, mwenyekiti wa mwisho.

"Huu mstari siupimi," akasema. "Nitapima visiki. Palipokuwa na uzio, kona zote."

Pastory akashika kiuno. "Mama, kona zote ni zaidi ya milioni! Ndiyo maana tulinyoosha!"

"Haitafika. Bei ya jiwe naifuta. Nawatajia bei moja ya shamba lote, mnagawana watatu sawa sawa, mawe yawe nane, yawe thelathini. Laki saba na nusu."

"Yaani unabadilisha bei umeshafika shambani? Hiyo si ndiyo tabia ya vishoka?"

Hilo lilimuuma, maana kishoka ni mtu anayepima bila leseni, na leseni ameitafuta kwa jasho. "Nilikosea, baba. Ile bei ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa nzuri! Si ndiyo maana tumeikimbilia mpaka mtu karibu apofuke?"

"Hasa," Fredy akasema, anashika jicho.

"Sikilizeni basi," Gaudensia akasema, na alikuwa hata hajasimama, anaongea kutoka chini pale pale kwenye tuta. "Mashine nakodi kwa siku. Haijui kona nane wala ishirini. Kirikuu nalipa kwa safari. Ofisi ya ardhi nitapanda zile ngazi na kushuka, naambiwa rudi kesho, shamba liwe limenyooka au limepinda. Jiwe lenyewe ni mchanga na saruji, nafyatua nyuma ya nyumba kwenye kopo la rangi."

"Kumbe dada alikuwa anatuuzia mchanga," Fredy akasema.

"Kwa bei ya sangara," mwenyekiti akaongezea, na wakacheka wote isipokuwa Pastory.

"Sasa subiri," Fredy akasema, ameacha kucheka. "Tukigawana sawa, mimi mwenye kona chache nalipa sawa na shemeji mwenye kona zote hizi? Na bustani inatoka kwangu? Hapo mimi nimefaidi nini?"

"Mashine inakuja mara moja tu, Fredy. Haiji kwako kidogo kwa shemeji yako sana."

"Mimi sikubali. Kikao kilishaamua. Pima kamba, chukua hela yako."

"Basi tafuteni mpima mwingine. Mawe mawili niliyozika nawaachia."

Akainuka, akaanza kufungua miguu ya mashine, mmoja mmoja. Alikuwa hatanii. Alikuwa ameshaanza kuwaza atamwambia nini Nathan, na kama ile kazi ipo bado. Marcelina alikuwa anamwangalia, jembe mkononi. Hata asante hakusema, na Gaudensia anasema alishukuru hivyo, maana neno moja tu lingemfanya alie mbele ya mwenyekiti.

Kwenye mguu wa pili wa mashine ndipo Pastory alipokohoa.

"Fredy. Hebu nikuulize. Hii bustani uliitaka lini?"

"Mimi?"

"Wewe. Maana nakujua tangu unanyonya. Jembe hutaki hata kuliona. Uliitaka lini?"

Fredy akaangalia nyanya kwa jicho moja. "Sikuitaka. Kamba ndiyo ilipita."

"Basi!"

"Lakini kaka, na jicho langu je? Nimekata uzio wote huo bure?"

"Jicho litapona. Si uliambiwa uvae miwani ukadai unaonekana mwalimu?"

Mwenyekiti akacheka mpaka muhogo ukampalia. Pastory akamgeukia Gaudensia, na sasa alikuwa anaongea taratibu. "Laki saba kamili. Na sato wawili wakubwa wametoka majini asubuhi hii."

"Sato hajui kukodi mashine, baba. Saba na nusu."

"Saba na ishirini. Na sato."

Gaudensia alikuwa amechoka kiasi kwamba hakujua kama anapatana au anabishana. Akakumbuka siku ile Bunda alivyokaa kama gogo. "Saba na thelathini," akasema, "na chakula leo na kesho, na mahali pa kulala. Maana visiki hivi sivimalizi leo."

"Sawa," Pastory akasema, akamshika mkono. "Ya Marcelina nitaitanguliza mimi. Atanirudishia nyanya zikiiva. Ila nachagua mwenyewe, shemeji, usije ukanipa zile zilizopasuka."

"Utachagua," Marcelina akasema. Akabeba lile jiwe tena, akatoka nalo kwenye nyanya.

Wakatafuta kisiki kimoja baada ya kingine. Vingine Fredy alikuwa ameving'oa kabisa, wakawa wanabishana hapa au pale, wanafukua udongo kwa mikono wanatafuta mizizi. Utomvu ulimganda Gaudensia vidoleni, akawa anaogopa hata kujifuta jasho. Jioni Nathan akatuma ujumbe, "Mashine?" Akamjibu, "Kesho." Nathan akajibu, "Siku ya pili hiyo." Akalala kwenye nyumba ya Marcelina, kwenye kitanda cha mtoto, miguu imetokeza nje.

Kesho yake mchana wakazika la mwisho. Mwenyekiti akasaini, majirani wakasaini, hela ikatoka. Ukitoa mashine siku mbili, ukitoa kirikuu na mambo ya ofisini, kilichobaki hakikuzidi sana kile ambacho angepata kwa zile kona nane. Hakikutosha ada. Ila hakikuwa deni.

Akapanda mpaka barabarani kusubiri kirikuu. Akakaa juu ya boksi la mashine, akavua viatu, akakung'uta mchanga, akaviweka pembeni. Hakutaka kuongea na mtu.

Akaja mtu. Baba mmoja na baiskeli, akasema anaitwa Wenceslaus, shamba lake liko kule nyuma ya kanisa.

"Nasikia wewe unapima kwa jiwe," akasema. "Jiwe ni shilingi ngapi?"

"Kwa jiwe nimeacha."

"Umeacha lini? Mbona kwa Pastory..."

"Jana."

"Sasa unapima kwa kitu gani?"

"Nakuja kwanza naona shamba, natembea nalo lote, na kila mwenye kipande awepo. Ndipo nataja bei moja ya wote. Hiyo tunaweza kuongea. Nauli ya kuja kuona ni yako, na hiyo hatuongei."

"Kuona tu nilipie?"

"Ndiyo."

"Hata sijui kama utanipimia?"

"Hata mimi sijui, baba."

Wenceslaus akasimama na baiskeli yake. Akaangalia huko alikotoka, akaangalia miguu ya Gaudensia ilivyopasuka visigino. "Huko kwetu tuko wanne," akasema. "Na mmoja ana maneno."

"Awepo na huyo mwenye maneno. Awepo wa kwanza."

"Na leo je? Si uko hapa hapa? Nauli ya kutoka hapa mpaka kanisani ni shilingi ngapi?"

Gaudensia alitaka kusema kesho. Alitaka kusema wiki ijayo. Mwili wote ulikuwa unasema nyumbani.

"Elfu kumi," akasema.

Wenceslaus akasema elfu tano. Gaudensia akageuka, akaangalia ziwa. Yule baba akaingiza mkono mfukoni, akatafuta, akatoa noti iliyokunjwa kunjwa ya elfu kumi, akaikunjua juu ya tandiko la baiskeli, akamnyooshea.

Gaudensia akaipokea, akainama, akaanza kuvaa viatu.